Nani Mwenye Haki ya Kusahihisha? Historia Fupi ya Programu Huria, kutoka Oslo hadi Nansio

Kila mwisho wa mwezi, katika zahanati za Ukara, Irugwa na visiwa vingine vya Wilaya ya Ukerewe, hufanyika kazi ambayo mgonjwa haioni na waziri haitaji jukwaani. Muuguzi au tabibu hufungua vitabu vya MTUHA, kikiwamo Kitabu Namba 5 cha wagonjwa wa nje na Namba 6 cha wajawazito, akahesabu mstari kwa mstari: wangapi walikuja na malaria, wangapi walikuwa chini ya miaka mitano, wajawazito wangapi walipimwa damu. Jumla zake huandikwa katika fomu ya muhtasari. Palipo na kompyuta na mtandao, tarakimu huingizwa hapohapo. Pasipo na vitu hivyo, fomu huvuka maji hadi Nansio, makao makuu ya wilaya, na huko mratibu wa MTUHA huziingiza katika mfumo unaofunguliwa kwa kivinjari cha kawaida cha intaneti. Mfumo huo unaitwa DHIS2.

Wengi wetu tukisikia maneno "mfumo wa kompyuta wa Serikali" hudhani ni bidhaa iliyonunuliwa ikiwa imekamilika, kama mtu anunuavyo jokofu. DHIS2 haimo katika kundi hilo. Haijawahi kukamilika, na wanaoitengeneza hawatarajii kwamba siku moja itakamilika. Imejengwa kidogo kidogo, toleo juu ya toleo, kwa mikono ya watu wa Norway, Afrika Kusini, India, Vietnam, Kenya, Tanzania na kwingineko. Msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuunakili na kuubadili. Hii ndiyo maana ya programu huria.

Makala haya yana hoja moja. Chombo hiki kilizaliwa na madai ya kisiasa, kwamba mtu anayefanya kazi na mashine awe na kauli juu ya mashine hiyo. Chombo kimetufikia, tena kimetufaa. Lakini yale madai yaliyokizaa hayakuvuka maji yote. Sehemu yake kubwa imebaki njiani. Ili tuone imebaki wapi, hatuna budi kurudi nyuma miaka hamsini na zaidi.

Mwanzo ulikuwa chama cha wafanyakazi

Katika miaka ya 1960, wanahisabati wawili wa Norway, Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl, walibuni lugha ya kompyuta iitwayo Simula. Ilitumika, pamoja na mengine, kuigiza mwenendo wa kazi viwandani ili wasimamizi wajue namna ya kuipanga upya. Nygaard aling'amua jambo lililomsumbua: hesabu zake zilikuwa zikibadili maisha ya wafanyakazi ambao hawakuulizwa lolote. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaanza kufanya utafiti pamoja na chama cha wafanyakazi wa chuma nchini mwake. Hawakuupima utafiti huo kwa ripoti ambazo wataalamu wangesomeana. Waliupima kwa yale ambayo wafanyakazi wenyewe wangeyaelewa na kuyatumia mbele ya mwajiri. Matunda yake yaliingia katika mikataba. Mwaka 1975 vyama vya wafanyakazi na waajiri wa Norway walikubaliana kitaifa kwamba mifumo ya kompyuta isiingizwe kazini bila wafanyakazi kupewa taarifa na kushirikishwa.

Msomaji wa Tanzania atakumbuka kwamba miaka ileile sisi nasi tulikuwa na mjadala wetu. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikemea ubwanyenye wa viongozi na ukawapa wafanyakazi maneno ya kusimamia. Walipoyachukua kwa uzito wake, ikafuata migomo ya viwandani ya 1971 hadi 1973, ambayo dola iliizima. Tofauti kati ya Oslo na Dar es Salaam katika miaka ile haikuwa tofauti ya fikra, kwa kuwa fikra ilikuwako kote kuwili. Kule ilipata mkataba wa kuishikilia. Huku ilibaki katika waraka wa chama.

Afrika Kusini: mfumo wa kuunganisha kilichotenganishwa

Fikra ya Nygaard haikuja Afrika Mashariki moja kwa moja. Ilipitia kusini. Ubaguzi wa rangi ulipoanguka mwaka 1994, Afrika Kusini ilirithi idara 14 za afya, zilizogawanywa kwa rangi na kwa "mataifa" ya kubuni. Kila idara ilikuwa na fomu zake na namna yake ya kuhesabu. Nchi haikuweza kujua ni watoto wangapi wamechanjwa, kwa sababu haikuwahi kukusudia kuwahesabu watoto wote kwa pamoja.

Wanaharakati wa afya ya jamii, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Western Cape na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo akiwamo Jørn Braa, walianzisha mpango uitwao HISP. Hawakuanza kwa kuandika programu. Waliketi na wauguzi wa kliniki za Cape Town wakauliza: katika tarakimu hizi zote mnazokusanya, zipi zinawasaidia kufanya uamuzi? Nyingi hazikusaidia. Fomu zikapunguzwa, na ndipo programu ikaandikwa. Ilikuwa DHIS ya kwanza, iliyojengwa juu ya Microsoft Access, ikirekebishwa kila mara watumiaji walipoonyesha kasoro.

Pia walikubaliana juu ya kanuni ambayo nitairudia mwishoni. Taifa huweka orodha fupi ya taarifa ambazo kila mahali lazima patoe. Mkoa unaweza kuongeza zake. Wilaya nayo zake. Kituo nacho zake. Anayeongeza haruhusiwi kupunguza ya juu, na wa juu hana mamlaka ya kumzuia wa chini asihesabu kile anachokihitaji.

Kutoka diski hadi kivinjari

DHIS ya kwanza ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa. Kila kompyuta ilikuwa na nakala yake, na kasoro iliyosahihishwa Cape Town ilibaki hai kila mahali ambako mtu hajafika na diski. Kuanzia mwaka 2004 hivi, kundi la Oslo na wenzao walianza kuiandika upya kwa zana huria za mtandao: lugha ya Java, hifadhidata huria kama PostgreSQL, na kivinjari kuwa mlango wa mtumiaji. Toleo hilo jipya, DHIS2, lilitumika kwanza Kerala, India, mwaka 2006.

Hapa inafaa kueleza namna kazi ya aina hii inavyokwenda, kwa kuwa ndiyo roho ya jambo lenyewe. Msimbo huwekwa mahali pa wazi mtandaoni. Wa DHIS2 ulikuwa Launchpad, kisha ukahamishiwa GitHub. Mtu akigundua kasoro, huiandika, nayo hupewa namba. Mwingine, pengine aliye nchi nyingine, huandika rekebisho dogo. Wa tatu hulikagua kabla halijaunganishwa na shina. Kila badiliko hubaki na jina la aliyelifanya, tarehe na sababu, hata miaka kumi baadaye mtu aweze kuuliza: nani alibadili mstari huu, na kwa nini? Haba na haba ndiyo iliyojaza kibaba hiki, na kila haba ina mwenyewe.

Kenya inatupa mfano ulio wazi. Mwaka 2011 ilikuwa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kueneza DHIS2 kitaifa kwa seva moja ya kati inayofikiwa kwa intaneti. Awali ilidhaniwa kwamba jambo hilo haliwezekani, kwamba kila wilaya ingehitaji nakala yake. Watu wa uwandani walipojaribu modemu za simu waliona kwamba zinatosha, ingawa mtandao hukatika. Basi watengenezaji wakatumia uwezo mpya wa vivinjari wa kuhifadhi taarifa ndani ya kompyuta yenyewe: karani akiendelea kuingiza tarakimu wakati mtandao umekatika, zinakaa, mtandao ukirudi, anazituma. Rekebisho hilo halikubaki Kenya. Liliingia katika shina, likawa mali ya kila nchi inayotumia mfumo huo, na leo linamfaa mtu wa Nansio kuliko hata mtu wa Nairobi.

Mkondo mwingine wa historia hii ulianzia Magharibi mwa Kenya. Kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia kumbukumbu za wagonjwa za kompyuta mwaka 2001, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Wagonjwa wa UKIMWI walipoongezeka kupita uwezo wa mfumo ule, watengenezaji wake waliungana na wenzao wa mashirika mengine. Mwaka 2004 wakaanzisha OpenMRS, programu huria iliyoanza kazi Eldoret mwaka 2006 na kufika Rwanda mwaka huohuo. Halafu Januari 2008, Kenya ikiwaka moto baada ya uchaguzi, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walijenga Ushahidi kwa siku chache, ramani ambamo wananchi waliripoti ghasia kwa simu na mtandao. Ilikuwa kazi ya haraka, yenye mapungufu, ikaandikwa upya baadaye. Miaka miwili baadaye ilitumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010. Kwa hiyo anayesema Mwafrika hupokea tu teknolojia bila kuijenga hajaisoma historia ya jirani yake.

Tanzania: chuo, wizara na MTUHA

Kwetu, MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji Huduma za Afya, ulianzishwa katika miaka ya 1990 kama mfumo wa vitabu na karatasi. Mwaka 2002 idara ya sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliingia katika mtandao wa HISP, na vijana wake wakaanza kusomea shahada za juu kwa ushirikiano na Oslo huku wakifanya kazi katika wilaya za majaribio. Mkoa wa Pwani ukawa uwanja wa kujaribia DHIS2, na mwishoni mwa 2013 mfumo ulikuwa umeenea nchi nzima.

Wataalamu wa chuo hicho walifanya zaidi ya kutumia. Kwa msaada wa shirika la Japani, JICA, walitengeneza mfumo huria wa kumbukumbu za watumishi wa afya, HRHIS. Waliandika pia vifaa vya nyongeza vya DHIS2 ambavyo nchi nyingine huvitumia, kikiwamo kile cha kuonyesha viashiria vya wilaya kwa rangi katika jedwali moja. Haya ni mafanikio halisi, nasi hatuyasemi vya kutosha. Mwanafunzi wa Mwanza anayejifunza kuandika programu anajua majina ya matajiri wa California. Hajui kwamba mhitimu wa Mlimani ameandika kitu kinachosomwa katika wizara za nchi za mbali.

Mahali madai yalipobaki

Sasa turudi zahanati. Tuseme muuguzi wa kisiwani ameona kwamba fomu haina nafasi ya jambo linalowasumbua watu wake: wavuvi wanaohama kambi na kukatiza dawa, kwa mfano, au kina mama waliochelewa kujifungulia hospitalini kwa sababu ziwa lilichafuka. Msimbo uko wazi mtandaoni. Kwa sheria ya programu huria, muuguzi huyu ana haki ileile aliyonayo mhandisi wa Oslo. Lakini je, ana uwezo? Hajui kwamba haki hiyo ipo. Hana wa kumwandikia kasoro ikapewa namba. Akimwambia mratibu wa wilaya, mratibu atamwambia wa mkoa, na wa mkoa ataipeleka Dodoma, ambako orodha ya viashiria imeshapangwa kwa kuzingatia, pamoja na mengine, mahitaji ya wafadhili. Jambo lililotoka zahanati kama swali hufika juu likiwa limenyamaza.

Hapa ndipo tunapoona tofauti kati ya uwazi wa msimbo na uwazi wa madaraka. Programu inaweza kuwa huria kwa leseni huku ikiwa imefungwa kwa desturi ya ofisi. Nygaard asingeshangaa, kwa kuwa ndilo somo aliloanzia: mashine ileile humtumikia au humtumikisha mfanyakazi, kutegemea ni nani aliyepewa nafasi ya kuirekebisha. Muuguzi anayehesabu bila kuulizwa amekuwa karani wa maswali ya wengine. Naye, kama makarani wote wa namna hiyo, mwishowe hujaza ili fomu ijae. Tunapolalamikia ubora wa takwimu zetu tumkumbuke huyu. Mtu hailindi namba ambayo haijawahi kumsaidia.

Lugha nayo ni sehemu ya kizuizi hicho. Ukerewe ni kisiwa cha Aniceti Kitereza, aliyemaliza riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945 asipate wa kuichapisha. Alilazimika kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikatoka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupitia Tanzania Publishing House. Mwandishi alifariki mwaka 1981. Kisiwa hicho, basi, kinajua gharama ya kuwa na jambo la kusema katika lugha ambayo mlangoni hawaisikii. Leo Kiswahili kiko ndani ya vitabu vya MTUHA, lakini mazungumzo ya kuurekebisha mfumo, yaani kuandika kasoro, kujadili toleo na kusoma mwongozo wa mtengenezaji, hufanyika kwa Kiingereza. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Sweden ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Ulithibitisha kwamba istilahi zinapatikana watu wakikaa chini kuzitafuta.

Pingamizi moja la haki

Mtumishi wa wizara atanijibu, na jibu lake lina uzito: "Daktari, kila zahanati ikibadili fomu yake, nani atajumlisha? Si tutarudi kwenye idara 14 za Afrika Kusini?" Ni kweli kwamba takwimu za taifa zinahitaji umoja. Mtoto wa Irugwa na mtoto wa Ilala lazima wahesabiwe kwa kipimo kimoja, vinginevyo hatutajua nani ananyimwa.

Lakini kanuni ya Cape Town ililijibu swali hilo kabla halijaulizwa hapa. Orodha fupi ya taifa ni wajibu wa wote; nyongeza ni haki ya kila ngazi. DHIS2 ina uwezo wa kiufundi wa kubeba fomu ya ziada ya wilaya moja bila kuharibu ya taifa. Kinachokosekana ni utaratibu wa kiutawala: nani anaruhusiwa kuomba, nani lazima ajibu, na kwa muda gani. Tena umoja usiosahihishika si umoja wa kujivunia. Kosa likiwa moja nchi nzima linabaki kuwa kosa. Limepata tu nguvu ya taifa.

Tunachoweza kudai

Kwa wanafunzi: someni msimbo. Nafasi ya kuingia katika kazi hii haihitaji kibali cha ubalozi. Yeyote mwenye kompyuta na mtandao anaweza kuandika kasoro, kutafsiri ukurasa, kuandika rekebisho la mistari mitano. Wengi wa walioijenga historia hii walianza na mistari mitano. Na aliye Mwanza asisubiri kufika Dar es Salaam; mtumiaji anayemhitaji yuko upande wa pili wa maji.

Kwa wanaharakati: tumezoea kudai uwazi wa mikataba ya madini na bajeti. Tuongeze dai hili, kwamba programu inayotengenezwa kwa fedha ya umma msimbo wake uwe wa umma, isipokuwa pale usiri wa wagonjwa au usalama unapozuia kwa sababu iliyoelezwa. Kumbukumbu za mgonjwa zifungwe. Kanuni zinazozihesabu ziwe wazi.

Kwa watumishi wa umma: Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 imetupa chombo cha kusimamia mifumo ya Serikali. Usimamizi huo usiishie kwenye viwango na vibali. Kila mfumo unaotumiwa na mtumishi wa ngazi ya chini uwe na daftari la kasoro linaloandikwa kwa Kiswahili, lenye namba, tarehe na jina la mwenye wajibu wa kujibu, na aliyeripoti arudishiwe jawabu, hata likiwa "hapana" yenye sababu. Halmashauri za Kanda ya Ziwa zishirikiane kuajiri angalau watu wawili au watatu wenye ujuzi wa kuurekebisha mfumo, si wa kuutengenezea mashine tu. Haya hayahitaji mradi mpya wala semina hotelini.

Historia niliyoieleza haina shujaa mmoja. Ina wafanyakazi wa chuma wa Norway, wauguzi wa Cape Town, makarani wa Kenya wenye modemu na wahitimu wa Mlimani. Kila mmoja aliongeza chake kwa sababu mtu alikubali kumsikiliza. Mfumo tunaoutumia ni jumla ya masahihisho yao. Muuguzi wa Ukara bado hajaongeza lake, ingawa analo, na amekuwa nalo kwa muda mrefu. Tumempa fomu ya kujaza. Bado tunadaiwa mahali pa kuandika kwamba fomu yenyewe ina kasoro.